Koti Jeupe na Nyanya za Buffalo

Louisville, Agosti 2015

Mwanangu Aline,

Nimekasirika. Naanza na hilo usije ukadhani baba yako amekaa mezani kukuandikia barua ya machozi. Machozi tumemwachia mama yako, anayaweza kuliko mimi, na tangu asubuhi anayafanyia kazi huku anakunja mashuka yako. Habari za mashuka, za koti la baridi na za kula kabla ya mtihani, zote ameshakuambia mara tatu na kesho kituoni atakuambia mara ya nne. Sina la kuongeza hapo. Mimi nimebaki na hasira tu, na nimeona niiandike kabla hujapanda basi la kwenda chuoni Buffalo, maana kwa mdomo huwa naharibu.

Wewe nawe umekasirika, najua. Ni siku ya sita leo unanijibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu aliyesimama mahakamani. Na lile koti jeupe la unesi limening'inia kwenye kitasa cha mlango wako tangu Jumapili. Hulivai, hulikunji, umeliacha pale makusudi ili kila nikienda bafuni nipishane nalo. Umefaulu. Nimepishana nalo vya kutosha.

Ngoja niyaseme yaliyotokea bila kujipendelea. Mwezi uliopita Mama Rebeka, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alinipigia simu. "Bon, Papa Aline," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "tunataka kumupatia mutoto zawadi. Anaenda kusomea nini kule?"

Swali dogo, na jibu lake lilikuwa dogo vilevile: hajaamua. Ulishaniambia tangu Aprili, tukiwa tunakula, kwamba fomu ya chuo ina mahali pa kusema bado hujachagua, na kwamba wewe hapo ndipo ulipotia alama. Nakumbuka nilivyopayuka. "Kwani chuo ni soko, uende kutembeatembea ukishikashika vitu?" Ukasema, "Kidogo, Baba, ndiyo," ukaendelea na ugali wako. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa. Lakini simu iko sikioni, Mama Rebeka anasubiri, na mwaka jana baba wa yule binti aliyekwenda chuo kule Lexington alijibu "unesi" na kanisa zima likapiga makofi. Nikasema, "Unesi."

Basi Jumapili wakakuita mbele. Akina mama wakaja wakicheza, wamelishika koti kama bibi harusi ndiye yuko ndani yake, wakakuvika juu ya gauni lako la njano, mikono ya koti ikakufunika mpaka kwenye kucha. Mchungaji akaweka mkono kichwani kwako akamwombea "nesi wetu", akawaombea na wagonjwa wa Buffalo, hata wale ambao bado hawajaugua. Wewe ukatabasamu lile tabasamu la picha ya pasipoti. Na mimi, kiti cha mbele kabisa, nikapiga makofi. Mimi mwenyewe, Aline. Kwa mikono hii.

Kwenye gari ulianza kwa Kiingereza, lugha unayoitumia ukitaka kunifungia mlango polepole. Halafu ukageukia Kiswahili ili nisijifanye sijasikia: "Baba, hizi ni nyanya tena."

Mama yako akauliza, "Nyanya gani? Nani kanunua nyanya?" Mimi nilielewa, nikakosa hata njia ya kurudi nyumbani ambayo naipita kila siku.

Nyanya hizo wewe unazijua kwa upande wa Buffalo tu. Mwanzo wake sijawahi kukusimulia, kwa sababu baba naye ana heshima yake ya kulinda, hata kama imebaki kidogo.

Kambini, kule Kigoma tulikokuwa wakimbizi, mimi nilikuwa fundi redio. Hilo hukulijua. Nilikuwa na kibanda cha maturubai karibu na mahali pa kugawia chakula, na watu walinijia na redio zao zimefungwa kwa mipira ya baiskeli. Nililehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Betri zilizokufa nilizianika juani, zikafufuka kwa muda wa taarifa moja ya habari, na muda huo watu walikuwa wanauheshimu kama sala. Nilikuwa mzuri, mwanangu. Sijisifu, ni jambo moja tu maishani ninaloweza kulisema hivyo, niachie.

Siku ya mahojiano ya kwanza ya kuja Amerika tulipanga foleni tangu asubuhi. Aliyekuwa mbele yangu aliulizwa kazi yake, akasema, "Mkulima." Mhojaji akaandika, hakuuliza zaidi, mtu akapita. Ikawa zamu yangu. Kazi? Nikafikiria: nikisema fundi redio, atauliza nilisomea wapi, cheti kiko wapi, redio za nani, nani aliniruhusu. Cheti sikuwa nacho, nilikuwa na msumari. Nikasema, "Mkulima."

Sijawahi kulima hata bustani ya vitunguu. Aliyelima nyumbani kwetu ni mama yako. Yeye, mwenye sugu za jembe mikono yote miwili, walimwandika mama wa nyumbani. Mpaka leo nikikumbuka karatasi ile damu inanichemka. Jembe walimpa mwanaume, kwa kalamu, na mwanaume akashukuru.

Na sisi tuliokuwa kule tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: jibu lako la kwanza ndilo jibu lako mpaka kufa. Ukihojiwa tena mwaka wa pili ukasema tofauti, faili lako linarudi chini ya rundo, na watoto wako wanakua wakiwa chini ya rundo hilo. Tulijua familia zilizobaki kwa sababu baba alisema ng'ombe watatu na mama akasema wanne. Kwa hiyo nikawa mkulima. Kila mahojiano, mkulima. Nilikaa jioni na mama yako akanifundisha mahindi hupandwa mwezi gani, shimo huenda chini kiasi gani, nami nikakariri kama mtoto wa sekondari. Aliniambia, "Ukiulizwa kuhusu maharage, kohoa."

Sasa tukafika Buffalo. Unaikumbuka ile nyumba ya mbao ya West Side, ngazi zake zililia ukizikanyaga. Miezi michache tu baadaye akaja yule bibi wa kujitolea wa shirika lililotupokea, mwenye kofia ya majani na daftari. Amesoma faili langu. Amefurahi sana. Wana kiwanja kati ya nyumba mbili, wanataka mkulima kutoka Afrika awafundishe.

Mkalimani ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka tisa, Kiingereza chako kilikuwa na miezi michache, lakini kilikuwa kingi kuliko changu. Bibi akauliza udongo ule nauonaje. Nikachota udongo, nikaunusa, kwa sababu nilimwona mtu ananusa udongo mahali fulani, nikasema, "Mwambie udongo huu una joto." Ukaniangalia. Ukamtafsiria. Bibi akaandika kwenye daftari.

Nyanya zote zilikufa. Nilizipanda mapema, baridi ikarudi, asubuhi moja zikawa zimelala chini kama jeshi lililoshindwa. Mama yako akaenda akapanda nyingine bila kusema na mtu, hizo ndizo zilizozaa, na bibi akanipiga picha mimi nimezishika. Siku hiyo tukiwa tunarudi uliniuliza, "Baba, kwani wewe ni mkulima kweli?" Nikakukemea mtaani. Nikakuambia usirudie neno hilo mbele ya watu, watatufukuza nchini kwa ajili ya mdomo wako.

Nani angemfukuza mtu kwa ajili ya nyanya? Lakini niliamini hivyo, na nilikubebesha wewe. Mtoto wa miaka tisa anatafsiri uongo wa baba yake, tena anaurekebisha usionekane mbaya. Mama yako, uliyemnong'oneza wewe, aliniambia baadaye kwamba yule bibi hakuwahi kusikia habari ya joto la udongo, wewe ulimwambia, "Baba anasema ni udongo mzuri, asante." Ndiyo maana nasema nimekasirika, na usinitetee kwa moyo wako mwema.

Tukahamia huku Louisville kufuata kazi ya ghala. Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Siku moja mashine ya kusomea lebo za maboksi iligoma mikononi mwangu. Wakati wa mapumziko nikaifungua kwa kisu kidogo cha matunda. Ulikuwa waya mmoja tu umeachia. Ikawaka. Msimamizi wangu, yule mzungu mnene mpole anayekula karanga siku nzima, akaniangalia kama nimetoa njiwa kwenye kofia. Akauliza nilijifunzia wapi. Chumba cha matengenezo kinatafuta mtu, akasema, je, kwenye karatasi zako umewahi kuwa fundi?

Ilikuwa ni hilo neno, karatasi. Nikaifunga mashine haraka. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kile, na najua utacheka: mimi ni mkulima, bosi. Akacheka naye, akaniacha. Kazi akapewa kijana mwingine, ambaye mpaka leo akikwama huja kuniuliza kwa siri, nami humwelekeza kwa siri, nikiwa nimebeba boksi.

Tulikuwa tumeshaapa uraia, Aline! Hakuna mtu duniani aliyekuwa ananihoji tena. Nilikuwa nimejiwekea mhojaji wangu mwenyewe kichwani, halafu nikamlisha na kumpa mahali pa kulala.

Kwa hiyo uliposema Aprili kwamba hujaamua, mimi sikusikia msichana wa miaka kumi na minane anayesema ukweli. Nilisikia mtu anachelewesha foleni.

Na si mimi peke yangu, wengine nao nimewakasirikia. Mwaka mzima kila mtu aliyeingia hapa alikuuliza unasomea nini kabla hata ya kuuliza kama hujambo. Yule mshauri wa shule alituita, akasema kwa sauti laini kwamba msichana mwenye historia kama yako angefanya vizuri na kozi fupi ya kutunza wazee, ya wiki chache tu, kazi ipo. Historia ipi? Umekaa darasani kwao miaka tisa! Kutunza wazee ni kazi ya heshima, mama yako anaifanya na mgongo wake ni shahidi. Lakini yule mshauri alikuwa ameshakujazia kisanduku kabla hujakaa kwenye kiti. Na unajua baba yako alifanya nini? Alisema asante. Alisema asante mara mbili, na mlangoni akaongeza ya tatu.

Mtoto wa msimamizi wangu naye anakwenda chuo mwaka huu, naye hajachagua. Kule ghalani wanasema anajitafuta, wanasema kwa furaha, wanamnunulia keki. Wa kwangu hajachagua, wanasema amepotea. Mwaka ni uleule, chuo ni chuo, na kisanduku walichotia alama ni kimoja. Nieleze, wewe uliyesoma.

Sasa nikuambie la juzi, maana hukuwepo, ulikuwa kazini pale kwenye duka la kuku. Jumatano jioni nilikwenda kwenye maombi. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Wakadhani nitashukuru kwa ajili ya safari yako.

Nikasema, "Ndugu zangu, mtoto wangu haendi kusomea unesi. Hajui bado anasomea nini, aliniambia hivyo tangu Aprili. Niliyesema uongo ni mimi."

Nilipaswa kukaa, lakini unanijua, nikianza siishii. Nikasema, "Na jambo la pili. Mimi sijawahi kuwa mkulima."

Nilitegemea mzee mmoja wa kanisa anishike mkono anitoe nje. Badala yake Mzee Zakaria, yule anayelala mahubiri yote, akainua kichwa kule nyuma akasema, "Hata mimi."

Watu wakageuka. "Hata wewe nini, Mzee?"

"Hata mimi si mkulima. Nilikuwa nashona viatu."

Akasimama mwingine, wa Uvira, akasema yeye alikuwa mpiga picha za harusi. Wa tatu akasema alipiga ngoma. Mwanangu, kanisa lile lina wakulima kumi na mmoja wa kwenye karatasi, na Jumatano tulihesabu, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika jembe kwa hiari yake; walioshika ni wanawake wawili, na wote wawili waliandikwa mama wa nyumbani. Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kuiandika vizuri. Mzee Zakaria alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama Rebeka ndiye aliyetuokoa. Akashika kiuno. "Bon! Na ile koti tulinunua, tutaifanya nini sasa?"

Nikamwambia nitalirudisha.

"Urudishe wapi? Muache aende nayo. Buffalo kuko baridi."

"Mama Rebeka, koti lile ni jembamba kama shuka."

"Basi avae mbili!"

Mchungaji akauliza, kwa upole, sasa tumwombee nini huyu mtoto, maana maombi nayo yanataka anwani. Nilikuwa sijajiandaa. Nikasema, "Mwombeeni asiharakishwe." Wakaomba hivyo. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yale ya wagonjwa wa Buffalo, lakini Mzee Zakaria hakulala.

Usidhani nimebadilika nikawa baba wa kwenye televisheni. Bado naogopa. Ukirudi Krismasi ukaniambia unasomea mambo ya vyura, nitapayuka, hilo nakuahidi, na ugali utapoa. Lakini nikipayuka, niache nimalize, halafu uniambie habari za vyura. Nitasikiliza. Na ukiniambia bado hujaamua, nitapayuka kwa sauti ya chini kidogo.

Kesho utalala Columbus, kule Gahanna, kwa shangazi yako Domitila. Dada yangu huyo nampenda, lakini ataanza kukuuliza kabla hujafungua mkanda wa gari. Leo asubuhi nilimpigia.

"Domitila, usimuulize."

"Nisimuulize nini?"

"Unajua."

"Mimi ni shangazi yake! Nisipomuuliza mimi, atamuuliza nani?"

"Muulize kama ameshiba."

Akanikatia simu. Kwa hiyo atauliza. Wewe mjibu "bado", umsifie kisamvu, uongezewe. Akiuliza tena, mwambie amuulize kaka yake alikuwa anafanya kazi gani Kigoma. Atanyamaza, maana anajua. Redio yake ya kwanza niliitengeneza mimi.

Na ukipata nafasi Buffalo, siku moja tu, upite West Side kwenye kile kiwanja kati ya nyumba mbili. Kama yule bibi bado yuko, mwambie nyanya zile zilikuwa za mama yako. Mwambie kwa Kiingereza chako kizuri, usirekebishe kitu. Mimi nimeshindwa miaka tisa.

Basi. Kuna ile fomu ya bweni uliyoniachia mezani Jumatatu bila kusema neno, umeiwekea alama ya kalamu pale pa kusaini. Nimeijaza. Jina langu, namba ya simu, uhusiano na mwanafunzi: baba. Hapo niliandika haraka, nina uhakika napo. Chini yake kuna mstari unauliza kazi ya mzazi. Utacheka, nilipoufikia kalamu ilianza yenyewe kuandika ile herufi ya kwanza, mpaka sasa ukiangalia vizuri utaona nukta ndogo. Nikaisimamisha. Nikataka niandike ghala. Nikataka niandike fundi redio. Nimekaa nayo tangu nitoke kazini, mama yako amepita mara mbili kuuliza kama nimekufa.

Nimeuacha wazi. Wakikuuliza pale ofisini, waambie baba yangu bado hajaamua.

Ni mimi,
Baba yako